Hoteli ya Reli ya Tabora na Mabaraza Yaliyoitangulia

Miji mingi ya bara ya Afrika Mashariki ilizaliwa kwa sababu ya kitu kilichopatikana papo hapo, ama chumvi, ama dhahabu, ama ardhi yenye rutuba; lakini Tabora, ingawa haikukosa maji wala udongo wa kulimika, ilinawiri kwa sababu ya watu waliokuwa wakienda mahali pengine. Aliyetoka Bagamoyo akikusudia Ujiji hakuwa na budi kutua hapo. Aliyekusudia Karagwe na Buganda aliagana hapo na wenziwe akaishika njia ya kaskazini. Na aliyerejea pwani na pembe zake alikaa hapo akisikiliza habari za vita na ukame wa Ugogo kabla hajathubutu kujitosa njiani. Hata baada ya reli kuja, abiria wa Kigoma na abiria wa Mwanza waliachana Tabora, behewa hili likivutwa huku na lile likivutwa kule, baada ya saa nyingi za kukaa juu ya mizigo. Mji wa namna hiyo hauna budi kuwa hodari wa jambo moja kuliko yote, nalo ni kumsitiri mgeni anayengoja. Na ile Hoteli ya Reli iliyo karibu na stesheni, ambayo siku hizi huitwa Orion Tabora, si mwanzo wa uhodari huo bali ni mrithi wake.

Juu ya asili ya hoteli hii yako masimulizi mawili yapendwayo na wenyeji, nayo husimuliwa kila mgeni aulizapo. La kwanza lasema kwamba ilijengwa mwaka 1914 na mwungwana mmoja wa Kijerumani mwenye cheo cha baroni, iwe maskani ya wawindaji. La pili lasema kwamba ilikusudiwa kumlaza Kaiser Wilhelm wa Pili siku atakapokuja kuitazama milki yake ya Afrika. Kaiser hakuikanyaga Afrika Mashariki maisha yake yote. Hata hivyo simulizi hili si la kutupwa jaani, kwa maana mwezi wa Agosti 1914 palikuwa pameandaliwa maonyesho makubwa mjini Dar es Salaam kuadhimisha kukamilika kwa reli ya kati, na uvumi ulikuwa umeenea wa kuja kwa mgeni wa nyumba ya kifalme. Kisha vita vikazuka Ulaya mwezi huo huo, na maonyesho yakafa kabla ya kuzaliwa. Kwa rai yangu, baroni na Kaiser wametukuzwa mno katika habari hii, nao wamekifunika kisa kilicho wazi zaidi ya vyote viwili: reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwezi Februari 1914, na penye stesheni kubwa ya njia ndefu, watu washukapo kwa mavumbi na uchovu bila kujua wataondoka lini, hapakosi mtu wa kuwaza habari ya vitanda na chakula.

Lakini tukianza na reli tutakuwa tumeanza katikati ya hadithi. Zaidi ya nusu karne kabla ya garimoshi la kwanza kupiga king'ora Unyamwezini, Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, ndilo jina walilolisikia wao la mahali hapo, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani. Walikuwa wameikata nyika ya Marenga Mkali, wakalipa hongo katika Ugogo, wakaivuka nyika ya Mgunda Mkali hali wapagazi wao wakitoroka mmoja mmoja, na walipofika Unyanyembe, nchi ya Kazeh, walipokewa na Waarabu wa Oman waliokuwa wamekwisha kufanya maskani hapo. Mmoja wao, Snay bin Amir wa kabila la Harthi, ndiye aliyewapa nyumba, akawatafutia wapagazi, akawaeleza habari za maziwa na falme za bara kwa ufasaha ambao Burton, mtu asiye mwepesi wa kumsifu mtu, aliusifu bila kubana. Snay huyo alianza maisha yake kwa kutengeneza na kuuza vitu vitamu huko Maskat, na alipopata mtaji mdogo akaugeuza shanga na nguo, nguo akazigeuza pembe, hata akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa njia ya kati. Miaka michache baadaye aliuawa katika vita vya Waarabu na mtemi Mnywa Sele, waliyemwondoa katika kiti cha Unyanyembe kwa sababu aliwatoza ushuru. Na sharti jambo hili lisemwe, wasije wasomaji wakadhani kwamba ukarimu wa mabwana wale ulikuwa wa bure, au kwamba wenye nchi waliridhika nao daima.

Kisa cha kungoja kilikuwa hiki. Wapagazi wa pwani waliandikwa kwa safari ya kufika Unyanyembe tu, na wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa mashujaa wa kazi hiyo kuliko watu wote wa Afrika Mashariki, walipofika kwao walitua mizigo, kila mmoja akashika njia ya kijiji chake. Mpagazi alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani ratili sabini, mbali na mkeka wake, chungu chake na silaha yake. Alifuata kirangozi mwenye bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja. Alikula posho iliyopimwa kwa kibaba. Na mvua zilipokaribia hakuna bakshishi iliyomzuia kurudi nyumbani kulima, kwa kuwa yeye alikuwa mkulima kwanza na mpagazi baadaye. Kwa hiyo tajiri mwenye nguo za merikani na kaniki, na mizunguko ya shaba, na shanga za kila rangi, alilazimika kukaa Tabora wiki kadhaa, na pengine miezi, mpaka apate mabega mengine. Nyumba ya kukaa muda huo haikuweza kuwa kibanda cha majani.

Ndipo lilipopatikana lile jumba la Waarabu wa bara liitwalo tembe, ambalo asili yake ni nyumba ya watu wa nchi, ya udongo na dari bapa, nao wageni wakalipanua na kulitia desturi za pwani. Mbele palikuwa na baraza pana yenye kivuli, imeinuliwa kwa udongo uliopigwa ukashikana, imetandikwa mikeka, na hapo ndipo mwenye nyumba alipoketi asubuhi akipokea wageni, akinywa kahawa, akiamua kesi za madeni. Ukivuka mlango mkubwa uliingia ukumbi wa kuzuia macho ya wapitao, kisha ua wa ndani, na kuzunguka ua vyumba vyenye kuta nene na visivyo na madirisha ya nje, ambamo baridi ya usiku ilihifadhiwa hata alasiri. Vyumba vya nyuma vilikuwa ghala za pembe na baruti, na vingine vilikuwa vya watumwa. Msafiri wa leo apitaye kwa miguu katika vyumba hivyo hupewa habari nyingi za wasafiri wa Kizungu na chache za watu hao waliofungiwa humo wakingoja kupelekwa pwani, ambao kungoja kwao hakukuwa na baraza wala kahawa.

Tembe mashuhuri kuliko yote liko Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya Tabora mjini. Hapo alitua Henry Morton Stanley mwezi Juni 1871, akiwa mwandishi wa gazeti la New York aliyetumwa kumtafuta David Livingstone, na hapo ndipo alipojiingiza katika vita visivyo vyake, akifuatana na Waarabu kwenda kumpiga Mirambo wa Urambo. Mirambo aliwageuzia kibao: mwezi Agosti alishuka Tabora yenyewe, akachoma sehemu kubwa ya mji, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo Khamis bin Abdullah, aliyekuwa mmoja wa Waarabu hodari na wenye heshima katika nchi ile. Stanley akajizatiti katika tembe lake, akatoboa matundu ya bunduki ukutani, akangoja shambulio lisilokuja. Mwezi Septemba akaondoka kwa kuzunguka upande wa kusini, akamkuta Livingstone Ujiji, na tarehe 18 Februari 1872 wakaingia Kwihara wote wawili.

Wakakaa pamoja chini ya dari ile karibu mwezi mmoja. Stanley akaondoka tarehe 14 Machi kwenda pwani, na siku tano baadaye mzee yule aliyebaki akatimiza umri wa miaka 59, peke yake, akingoja wapagazi ambao mwenziwe aliahidi kumpelekea. Alingoja miezi mitano. Hakuna sehemu ya maisha ya Livingstone ambayo vitabu huipita kwa haraka kama hii, nami naona ndiyo inayomfanya awe mtu wa Tabora kuliko siku zake zote nyingine. Kwa kuwa hapo hakugundua ziwa wala mto, bali aliishi kama alivyoishi kila mwenye msafara, akihesabu mizigo, akiandika barua, akikisia siku za watu walioko njiani. Wapagazi walifika katikati ya Agosti, naye akaondoka tarehe 25 ya mwezi huo asirudi tena akiwa hai. Mwezi Oktoba mwaka uliofuata, Luteni Verney Lovett Cameron, aliyetumwa kumsaidia na ambaye alikuwa amelala kwa homa katika nyumba ile ile, alipata habari kwamba Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, wanakuja na maiti ya bwana wao. Cameron akatoa shauri azikwe papo hapo. Wale watu wakakataa katakata, wakaendelea na mzigo wao mpaka Bagamoyo, nao wakafika mwezi Februari 1874.

Tembe linaloonekana leo limejengwa upya katika karne ya ishirini kwa kufuata umbo la kale, limefanywa makumbusho, na liko chini ya ulinzi wa serikali. Wako wanaovunjika moyo wasikiapo hayo, wakitaka wauguse ukuta ule ule uliouguswa na Livingstone. Mimi sioni hasara kubwa. Nyumba ya udongo haikujengwa idumu bila mikono ya watu: dari lake sharti likandikwe kila mwaka kabla ya masika, mchwa waondolewe katika boriti, na ukuta uliolowa upigwe udongo mpya, hata wenyewe wa kale, kama wangefufuka, wangelikuta tembe lao limebadilishwa sehemu baada ya sehemu. Kilichohifadhika ni mpango wa nyumba, na baraza, na ua, na milango ya nakshi. Tazama mlango wa namna hiyo kwa karibu. Miimo yake miwili imechongwa mapambo yanayopanda toka chini hata juu bila kukatika. Kizingiti cha juu kimebeba maua yaliyochongwa kwa kina. Na katikati ya mbao mbili umesimama mfaa, ambao ndio huziba nafasi mlango ufungwapo. Mti wa nchi hii una uzito na rangi nyekundu, na patasi ya fundi imeacha kingo zilizo kali kuliko za milango ya Unguja iliyolambwa na hewa ya bahari. Maana ya mlango ule ilikuwa moja: umwambie mgeni, hali angali njiani, kwamba mwenye nyumba hii ni mtu wa kuaminiwa kwa mkopo.

Zama za matembe hazikwisha kwa siku moja. Emin Pasha alitweka bendera ya Kijerumani Tabora mwaka 1890. Mtemi Isike, aliyekuwa na ngome imara na bunduki nyingi, aliwapinga Wajerumani mpaka Januari 1893, na ngome ilipovunjwa na Tom von Prince akajilipua kwa baruti yake kuliko kushikwa. Wajerumani wakajenga boma la mawe, wakasimamisha utawala, na Waarabu waliobaki wakawa wenye maduka na mashamba. Kisha reli ikaanza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, na Tabora 1912. Na miongoni mwa mikono iliyochimba matuta yake na kuchukua mataruma yake ilikuwa mikono ya Wanyamwezi, wana wa wale wapagazi ambao garimoshi lilikuja kuwanyang'anya kazi.

Hoteli, basi, ilisimama mahali penye desturi. Nitamwambia msomaji nini cha kuangalia aingiapo. Aanze na veranda ndefu ya mbele, yenye kivuli, iliyotazama bustani. Kisha aangalie kuta zilivyo nene, na dari zilivyoinuliwa juu ili hewa ya moto ipande na kumwacha alalaye. Kisha aangalie jinsi vyumba vinavyofuata veranda badala ya kujificha ndani. Fundi wa Kijerumani huenda hakuwahi kuketi katika baraza la Snay bin Amir, wala hakuhitaji, kwa sababu jua la Unyamwezi lilimfundisha somo lile lile: kwamba mtu anayengoja katika nchi hii huhitaji kwanza kivuli, pili ukuta mzito, tatu mahali pa kukaa aonapo anayekuja. Tofauti iko hapa. Tembe lilifunga mgongo kwa ulimwengu, likaweka maisha yake uani. Hoteli iliweka maisha yake mbele, hadharani, kwa kuwa wateja wake walikuwa watawala wasioogopa kuonwa.

Vita vikaja kabla rangi haijazoea ukuta. Makao ya serikali ya Kijerumani yalisogezwa kutoka pwani hata yakafika Tabora, na mji ukajaa maofisa na familia zao, pamoja na kambi ya wafungwa ambamo walizuiliwa raia wa Kiingereza na wamisionari. Fedha zilipokosekana, kwa kuwa bahari ilikuwa imezibwa, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu mwaka 1916: heller za shaba kwa watu wa kawaida, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15, kwa dhahabu ya Sekenke, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Mafundi waliokuwa wakitengeneza vifaa vya injini wakawa wanapiga dhahabu. Sarafu ile sasa hutafutwa na wakusanyaji duniani kote kwa bei kubwa. Tarehe 19 Septemba 1916, baada ya mapigano ya siku kadhaa kuuzunguka mji, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur liliingia. Wafungwa wakafunguliwa, na Tombeur baadaye akapewa na mfalme wake cheo cha Baroni wa Tabora. Hivyo mji ulipata baroni wake wa hakika, ingawa hakuwa Mjerumani na hakuja kuwinda.

Chini ya Waingereza hoteli ikawa Hoteli ya Reli kwa jina na kwa kazi. Mwaka 1928 reli ya Mwanza ilikamilika ikitokea Tabora, na tangu hapo njia panda ya misafara ikawa njia panda ya chuma kwa ukamilifu. Siwezi kuusifu wakati ule kwa ukarimu wote: veranda ile ilikuwa ya Wazungu, na Mwafrika aliyeipanda alikuwa amebeba sinia au sanduku. Kwa upande mwingine wa mji, katika Shule ya Serikali ya Tabora, vijana waliokuwa wakifundishwa wawe watumishi wa utawala walikuwa wakijifunza mambo mengine pia. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937, kisha akarudi Tabora kuwa mwalimu wa shule ya Mtakatifu Maria tangu 1946 mpaka 1949. Na Januari 1958 mji ulipokea wageni wa namna mpya, wajumbe wa mkutano mkuu wa TANU, waliokuja kuamua kama chama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimtaka kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe walibishana kwa siku kadhaa, Nyerere akawashawishi wakubali, na shauri lile likapewa jina la Uamuzi wa Busara. Wakati ule mtemi wa Unyanyembe alikuwa Abdallah Fundikira, wa ukoo ule ule wa Fundikira aliyewapokea Waarabu wa kwanza na ambaye binti yake Karunde aliolewa na Muhammed bin Juma, baba wa Tippu Tip, yule tajiri mashuhuri wa misafara. Katika mji huu historia hukaa katika nyumba chache.

Baada ya uhuru hoteli ilifuata hali ya reli, ikipanda nayo na kushuka nayo, na treni zilipopungua na kuchelewa, hata bustani ilionyesha. Kisha ikapita mikononi mwa wenye mali binafsi, ikakarabatiwa, ikapewa jina jipya. Ukarabati wowote huua kitu, na wapenda mambo ya kale wanaweza kunung'unikia rangi mpya na samani za kisasa; lakini mimi, niliyeona majengo mengi ya Wajerumani yakigeuzwa magofu kwa jina la kuhifadhiwa, naona nyumba yenye wapishi jikoni na mashuka kambani ina kinga bora kuliko nyumba yenye kibao cha makumbusho na mlango uliofungwa. Tangu mwaka 2006 njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, pamoja na Kwihara, imeandikwa katika orodha ya awali ya Tanzania ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia. Reli na hoteli yake hazimo katika maelezo hayo, nalo ni jambo la kusikitisha, maana reli ilifuata njia ya wapagazi kwa sehemu kubwa, na mwenye kuzitenga mbili hizo huikata habari moja vipande viwili.

Sasa reli ya kisasa inajengwa kuipita Tabora kuelekea Isaka na Mwanza, na nyingine kuelekea Kigoma, na zitakapokamilika treni zake hazitamwacha abiria ameketi juu ya sanduku lake usiku kucha akiuliza saa. Hoteli itapoteza mgeni wake wa asili, yule asiyekuwa na la kufanya ila kungoja, na wenyewe watalazimika kumtafuta mgeni ambaye Tabora haijapata kuwa naye kwa wingi tangu Kazeh, yaani mtu anayepanda treni Dar es Salaam akikusudia kushuka Tabora, alale hapo, asubuhi aende Kwihara kuitazama milango, na arudi jioni akiwa na maswali.